Haboba Ramula na Tumbo Lisilofunguka

Habari ikiwa njema au mbaya, Ramula hakuwahi kuipokea amekaa. Umwambie mvua inakuja, atasimama. Umwambie sukari imepanda bei, atasimama, akaze leso kiunoni na kumtafuta wa kugombana naye. Basi siku ile ya mwaka tisini na tatu alipoletewa habari kwamba mke wa mwanawe amejifungua mtoto wa kiume, alitoka mbio peku hadi barabarani pale Nalufenya, akapiga vigelegele na kupaza sauti kwa Kiswahili chake kizito, mpaka muuza mafuta ya taa wa jirani akafunga duka akidhani serikali imepinduliwa tena.

Msimcheke muuza mafuta. Watu wa Jinja walikuwa na sababu zao. Ramula alikuwa Mnubi, mjane wa Sajini Sebit wa lile jeshi la zamani lililopinduliwa na kukimbia nchi, na Kiswahili chake alikinyonya kambini pamoja na maziwa ya mama. Kwa jirani zake wengi, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki. Yeye alipowaita kuku wake jioni, wapo wanaume wazima walionyoosha mgongo bila kujijua. Lakini kaa naye kidogo tu utamjua. Alikuwa mama wa huruma, mwenye kelele nyingi na moyo laini, anayekaanga gurusa, ile mikate laini ya Kinubi, na kusuka makawa ya rangi ya kufunikia chakula. Hivyo ndivyo alivyopata riziki tangu aliporudi kutoka uhamishoni bila mume.

Hata hivyo, sifa yake haikutoka kwenye mikate wala makawa. Ilitoka kwenye bomba.

Nasema bomba la mpira, jekundu, la ukubwa wa ngumi, lenye mdomo mrefu mwembamba, lile la kuwapigia watoto maji kwa nyuma wakifunga choo. Mtoto wa mtu tumbo limemkaza, analia, hanyonyi. Mamake anambeba mpaka kwa Haboba. Haboba ni bibi kwa Kinubi, na mtaa mzima, Wasoga kwa Wagisu, walimwita hivyo. Ramula anamlaza mtoto kifudifudi mapajani, anachemsha majani yake anayoyajua mwenyewe, anangoja yapoe, anasema bismillahi, na kabla mama hajamaliza kueleza mtoto ameanza lini, kazi imekwisha na mtoto amelala fofofo. Walimjia kutoka Bugembe, walimjia kutoka Budondo. Nao wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ramula alisifiwa mno, mpaka akaamini kwamba hakuna tumbo la mtoto chini ya jua lisilomtii.

Halafu akazaliwa Tamim.

Siku ya kwanza mtoto hakupata choo. Siku ya pili hakupata. Kitumbo kikapanda, kikang'aa, akaanza kutapika maji ya kijani. Asuman, baba mtoto, askari jela kijana asiyejua pa kuweka mikono yake, akasema apelekwe hospitali. Ramula akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Siku ya tatu akachukua bomba. Kile choo cheusi cha kwanza kilitoka kwa nguvu hivi kwamba kilimrukia leso yote, naye akasimama katikati ya chumba, amechafuka mpaka kifuani, akicheka huku machozi yakimtoka. Alikisimulia kisa kile mtaa mzima. Kila aliposimulia, choo kilizidi kuruka mbali.

Wiki iliyofuata mtoto akafunga tena. Akampiga bomba, akafunguka. Akafunga tena. Ikawa ndiyo maisha yao: tumbo linapanda kama unga uliotiwa hamira, Haboba anasema bismillahi, tumbo linashuka, vigelegele. Mtu mwingine angejiuliza mbona mtoto huyu hajawahi hata mara moja kwenda haja kwa nguvu zake. Ramula hakujiuliza, kwa sababu jibu alikuwa nalo tayari, tena alilipenda.

Jibu lenyewe lilikuwa mumbwa. Wajawazito wa Busoga na Buganda wana vijiti vyao vya udongo uliokandwa na dawa za miti. Husugua kijiti kwenye maji na kunywa, ili mtoto akae vizuri na uchungu uwe mwepesi. Sharifah, mke wa Asuman, alikuwa binti wa Kisoga kutoka Budondo, na mamake alimletea mumbwa za kutosha tangu mimba ilipoanza kuonekana. Kwa Ramula kesi ilikuwa imekwisha hapo.

"Udongo ni udongo," alisema, tena mbele ya wageni. "Wewe ulikunywa ukuta, mtoto amezaliwa na ukuta tumboni. Mimi kazi yangu ni kuubomoa kidogo kidogo."

Na kila alipomfungua Tamim alikagua kilichotoka akitafuta udongo. Anayetafuta hakosi, naye hakukosa kuona kijivu hapa na pale. Sharifah alinyamaza. Alikuwa binti wa adabu, anayepiga magoti kumsalimia mama mkwe asubuhi na jioni. Lakini kunyamaza si kusahau.

Miaka miwili ikapita hivyo. Tamim akawa na mikono na miguu myembamba, na tumbo la kutangulia mlangoni. Mdomo wake ndio uliokuwa na afya. Alijua kusema mapema, aliwaamuru kuku, aliwaamuru wageni, na alimwita babake "afande" kama askari wenzake walivyomwita. Ramula alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Alikuwa akimwimbia nyimbo za Kinubi akimkanda tumbo, na mtoto akiitikia kwa sauti ya mzee.

Ndipo Asuman akahamishiwa gereza la Mbale. Akapewa chumba katika nyumba za askari, akataka mke na mtoto waende naye.

"Nendeni nyinyi," Ramula akasema, amesimama bila shaka. "Tamim anabaki. Huko Mbale nani atamfungua?"

Sharifah alikuwa akikunja nguo. Akaziweka chini, akasema bila kupandisha sauti, "Mama, naomba unisamehe. Nimechoka kuitwa ukuta. Mtoto ni wangu, nakwenda naye."

Hakuna aliyewahi kumsikia Sharifah akimjibu mama mkwe. Hata Asuman alitazama dirishani. Ramula akaingia chumbani mwake na bomba lake akafunga mlango, na walipokuja kuaga hakutoka. Kwa ndani alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kwamba Ijumaa haitafika kabla hawajarudi.

Ijumaa ilifika, wao hawakurudi. Aliyekuja ni askari jela wa Jinja, kijana aitwaye Matia, anakimbia akishikilia kofia. Ujumbe ulikuwa umepita kwenye simu ya upepo ya magereza, kutoka Mbale.

"Haboba, afande Asuman anasema uje leo leo. Mtoto amelazwa. Tumbo limekataa."

Safari hii Ramula hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtia Matia hofu kuliko ujumbe wenyewe. Alizima moto chini ya kikaango, akafunga bomba na majani yake ndani ya leso, akaondoka mikate ikiwa bado ndani ya mafuta.

Alipoingia wodi ya watoto kule Mbale alimwona Tamim wake juu ya kitanda cha chuma, macho yamezama, tumbo limepanda na mishipa inaonekana juu ya ngozi. Hakumsalimia mtu. Alifungua leso yake pale pale, akamwambia Sharifah amgeuze mtoto.

"Mama, hiyo weka chini kwanza," ikasema sauti nyuma yake.

Ramula aligeuka na kumwona mwanamke mwenye koti jeupe, mfupi, Mgisu wa hapo hapo, kiasi cha umri wa Asuman. Akamwambia kwa ukali aende akamwite Daktari Oliver, maana ndiye aliyeambiwa mlangoni kwamba anamtibu mjukuu wake.

"Oliver ndiye mimi," akasema yule mwanamke. "Oliver Nanyama. Keti, Mama. Nataka kukuuliza maneno."

Ramula hakuketi, lakini bomba aliliweka chini. Daktari akamuuliza mtoto alianza kufunga choo lini. Ramula hakuhitaji kubembelezwa. Kisa alikuwa nacho, na wodi nzima ilikuwa inasikiliza. Akaanza: siku ya kwanza hakuna kitu, siku ya pili hakuna kitu, siku ya tatu watu wamekata tamaa, na yeye Ramula akashika bomba, na choo cheusi kikaruka mpaka...

"Ngoja hapo," Daktari Oliver akamkatiza. "Choo cheusi cha kwanza kilitoka siku ya tatu? Na kilitoka kwa bomba?"

"Kwa mkono huu," akasema Ramula.

Daktari akamtazama mtoto, akamtazama tena Ramula. Uso wake ulikuwa umebadilika, umechangamka kama wa mtu aliyeona funguo zake zilizopotea. Akaeleza kwamba mtoto mzima hukitoa choo kile siku ya kwanza, ikizidi sana ya pili, na akichelewa namna hiyo kuna ugonjwa mmoja ambao ni lazima utafutwe. Hakuutaja jina. Alisema tu kwamba kama ndio wenyewe, unatibika.

Siku hiyo muuguzi alimsafisha Tamim kwa maji ya chumvi matupu, taratibu, bila jani hata moja. Alipopata nguvu wakamtia dawa nyeupe kwa nyuma na kumpiga picha ya eksirei. Daktari Oliver akaishika ile picha mbele ya dirisha, Asuman, Sharifah na Ramula wamejipanga nyuma yake. Juu utumbo ulikuwa umevimba kama kibuyu. Chini, kabla ya mlango wa kutokea, ulikuwa mwembamba kama shingo ya kibuyu hicho hicho.

Ramula aliikodolea macho. Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa picha.

"Udongo uko wapi?" akauliza.

"Udongo gani, Mama?"

"Mumbwa. Ukuta."

"Hakuna udongo. Hicho chembamba ni utumbo wenyewe, umejikaza na haujui kulegea. Sikiliza." Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda, akamweka Tamim magotini. "Utumbo una mishipa yake ya fahamu, mingi sana, imejaa ndani ya ukuta wake toka kooni mpaka mwisho. Chakula kikifika mahali, ile mishipa ndiyo inayosema bana hapa, legea pale, sukuma. Hatuiambii sisi. Inajua yenyewe, na inazungumza na kichwa pia, ndiyo maana ukipata hofu tumbo linakuvuruga. Mtoto akiwa bado tumboni mwa mamake, mishipa hiyo huota kuanzia juu, ikishuka kama mboga ya maboga inavyotambaa. Ya huyu ilitambaa vizuri, ikakoma kabla ya kufika mwisho. Kile kipande cha chini hakina mishipa. Choo kikifika pale hakuna wa kusema legea."

Ramula akaigusa kwa kidole ile shingo ya kibuyu kwenye picha.

"Na ni kosa la nani?" Asuman akauliza.

"Si kosa la mtu. Mama hakula kitu, hakunywa kitu. Huzaliwa hivyo."

Ramula aliisikia sentensi ile ikimwingia. Miaka miwili! Mbele ya wageni, mbele ya Hajarah jirani yake, mbele ya wakwe kutoka Budondo siku ya Idi. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Hakuwa mtu wa kuzungukazunguka, akamgeukia Sharifah pale pale.

"Binti yangu, nimekusingizia."

"Ndiyo, Mama," akasema Sharifah. "Umenisingizia sana."

Ramula akaitikia kwa kichwa, na halafu akakumbuka jambo jingine, akamuuliza daktari kwa sauti ndogo isiyo yake kama bomba lake lilimdhuru mtoto. Daktari Oliver hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema bila kusafishwa vile mtoto asingefika miaka miwili. Alisema pia kwamba majani yale yangeweza kumuunguza ndani, na kwamba kila alipomfungua aliwaondolea watu sababu ya kumleta hospitali. Yote mawili ni kweli, akasema. Ramula akayameza yote mawili.

Walikata kipande kidogo cha utumbo ule, kikapelekwa Kampala kutazamwa, na jibu likarudi kama daktari alivyosema. Hamna mishipa. Wakamfanyia upasuaji wa kwanza: wakaupitisha utumbo mzima, ule wa juu wenye mishipa, kwenye tundu ubavuni mwa tumbo, ili choo kitokee hapo kwa muda mpaka mtoto anenepe na avumilie upasuaji mkubwa.

Hapo ndipo Ramula alipopata wazimu wa furaha. Kwa sababu lile tundu lilifanya kazi. Hakuna aliyelikanda, hakuna aliyelipiga maji, nalo likatoa choo lenyewe, asubuhi na jioni. Alikaa mbele yake na vitambaa vyake safi akilitazama kama watu wanavyotazama mpira wa miguu.

"Umeona?" alimwambia kila muuguzi aliyepita. "Hiyo ndiyo mishipa. Hapo ipo. Inajua kazi."

Asuman akabaki kazini Mbale. Sharifah, Tamim na Ramula wakarudi Jinja kungojea mtoto anenepe, na sasa balaa likawapata watu wa Nalufenya. Mtu hakuweza kununua gurusa bila kufundishwa. Ukimletea mtoto aliyefunga choo, kabla hajamgusa alikuuliza choo cheusi kilitoka siku ya ngapi. Ukijibu vibaya alikufukuza uende hospitali, na kama huna nauli ya kukufikisha alikutafutia. Majani akayatupa yote. Hajarah, ambaye hakuwahi kukosa neno, alimwita Profesa wa Mavi, na jina likapendwa mpaka sokoni Bugembe. Ramula hakukasirika. Alisema uprofesa ni uprofesa.

Tamim alikula kama kambi nzima. Mashavu yakaja, miguu ikaja, akaanza kumkimbiza jogoo. Lile tundu lilifungwa kwa kitambaa, na watoto wa jirani walipomcheka kwa harufu, Sharifah alijifungia chumbani akalia. Mtoto ataingia shule namna gani? Ataoa namna gani? Ramula alimsikia kupitia ukutani, akaingia akakaa karibu naye bila kusema lolote, na kwa Ramula hiyo ilikuwa kazi kubwa.

Mwaka tisini na sita wakaitwa Mbale. Daktari Oliver alikata kile kipande kisicho na mishipa, akaushusha ule utumbo wenye mishipa mpaka mwisho na kuushona. Mshono ulipopona akamrudisha tena chumba cha upasuaji, akaliziba lile tundu la ubavuni. Akatoka na jasho kwenye paji la uso, akawakusanya Asuman, Sharifah na Ramula.

"Sasa njia imebaki moja tu," akasema. "Mtu asiingize kitu chochote kwa nyuma. Si kidole, si sabuni, si bomba. Mshono ukipasuka ndani tunaweza kumpoteza. Tunangoja atoe upepo, halafu tunangoja choo. Asipopata choo mwenyewe, nitalazimika kumfungulia tena tundu, na safari hii sijui kama tutaweza kulifunga."

Wakati akisema bomba alikuwa akimtazama Ramula. Kila mtu alikuwa akimtazama Ramula.

Upepo ulikuja upesi. Ulikuja mchana, daktari mwenyewe akipita wodini na wanafunzi wake, na Ramula akautangaza kwa jina lake lisilo la heshima, akafunga na takbira. Wanafunzi walicheka mpaka mmoja akaangusha kalamu. Tamim akapewa uji, akapewa ndizi zilizopondwa, akala, akaomba tena.

Choo hakikuja.

Wakangoja. Kesho yake hakikuja. Tumbo likaanza kukaza, kidogo, kiasi cha mtu mwingine kutoliona. Ramula aliliona. Aliligusa kwa viganja viwili na viganja vikajua kila kitu. Angeweza kumaliza jambo lile kwa muda wa kuchemsha chai. Ilimlazimu kutoka nje, akakaa kwenye baraza na ukindu wake wa kusuka makawa, ili vidole vipate pa kwenda. Mlima Elgon ulikuwa mbele yake umejaa mawingu, hata hakuuona.

Sharifah akamfuata pale. Alikuwa amepauka. Akapiga magoti, akafungua mkunjo wa leso yake. Ndani lilikuwamo bomba jipya la mpira, jekundu, bado linanuka duka.

"Nimelinunua mjini," akasema. "Mama, mfanyie kidogo tu. Maji tu, bila majani. Wewe mkono wako mwepesi."

"Daktari amekataza."

"Daktari atamkata tena. Nimechoka kumwona akikatwa. Miaka miwili ulimfungua hata sikukuomba. Leo nakuomba, unanikatalia?"

Ramula alilichukua lile bomba. Kidole gumba kikaingia mahali pake chenyewe, kikabonyeza. Aliogopa, niwaambie ukweli, aliogopa kuliko siku jeshi lilipokimbia na mji ukawaka moto. Maana alijua vilivyo jinsi ya kumpumzisha mtoto yule, na alimpenda, na mama wa mtoto amepiga magoti mbele yake. Na asipofanya, na tundu likafunguliwa tena, Sharifah atamwekea jambo hilo moyoni mpaka kaburini.

Akachukua wembe wake wa kukatia ukindu, akalipasua bomba katikati.

"Mkono wangu ukiingia leo unamuua," akasema. "Nichukie tu, binti yangu. Utanichukia mtoto akiwa hai."

Sharifah alilia kwa sauti, na Ramula akalia pia, kila mmoja na upande wake wa baraza. Wauguzi walipita wakawaacha.

Ndipo mlango wa wodi ukasukumwa. Tamim alikuwa amesimama pale na shati lake la hospitali, uji umemganda mdomoni, hana habari na vilio vyao. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza. Uso wake ulikuwa na mshangao mkubwa.

"Haboba," akasema. "Kuna kitu."

"Kitu gani, baba?"

Akaweka mkono chini kabisa ya tumbo. Miaka mitatu na ushei aliishi duniani na hapo mahali hapakuwahi kumwambia neno. "Hapa. Kinaniambia kinataka kutoka."

Wanawake wale wawili hawakukimbia, waliruka. Sharifah alileta chungu cha haja kutoka chini ya kitanda, kifuniko kikaangukia huko. Ramula akapiga magoti, akanyoosha mikono yote miwili amshike mtoto kiunoni na kumlaza kama alivyomlaza siku zote.

Tamim akaisukuma mikono ile.

"Mimi mwenyewe," akasema. Akaketi, akakunja uso, akamtazama bibi yake kwa ukali wa afande. "Haboba, geuka kule."

Ramula akageuka. Alisimama uso ukutani, mikono inaning'inia haina kazi yoyote, na Sharifah akaja akaishika. Wakasikia mtoto akivuta pumzi na kujikaza. Kisha wakasikia sauti ile, nzito na halali, ikiangukia ndani ya chungu.

Sijui nieleze vipi vigelegele vya siku ile. Vilianzia kwa Ramula, Sharifah akavidaka, na akina mama wa wodi nzima wakatoka na watoto mgongoni kuuliza nani amejifungua. Ramula akawaambia njooni muone, njooni muone mishipa ya mjukuu wangu, na wakaja kweli, wakainama kutazama, wakapiga vigelegele na wao. Daktari Oliver akatoka mbio na glavu mkono mmoja, akachungulia, akajifunika uso kwa ule mkono usio na glavu. Sharifah alikuwa amemkumbatia mama mkwe wake shingoni na wanarukaruka kama wasichana.

Katikati ya kelele zote hizo, kutoka chini, sauti ya kukereka ikapanda.

"Haboba, waambie waondoke. Sijamaliza."